Pangua

Swali la tisa, alama mbili:
andika visawe vya neno lenye maana ya
mpango wa kuuzima mpango wa mwingine.
Nasahihisha kwa wino mwekundu, taa ya sola inafifia,
nje mvua ya Shianda inachapa miwa.

Wameandika hila. Nimetoa nusu.
Vitimbi. Mizengwe. Mmoja kaandika njama,
nami pembeni nikauliza: njama huliwa,
wewe unajua huliwa na nani?
Kisha nikakikata, kwa kuwa huyu ni mtoto wa darasa la saba
na hajanikosea kitu.

Hila haisemi imetumwa kwa nani.
Mkakati huvaa suti, huja na faili chini ya kwapa.
Mbinu ni ya kipa na ya mwizi vilevile.
Pingamizi huenda kortini Kakamega, hurudi na tarehe.

Lakini lugha yenyewe ilijibu zamani,
wala haikuhitaji nomino.
Tega, tegua. Ziba, zibua.
Irabu moja tu imepenya karibu na mkia
na kilichokazwa kimelegea.
Panga. Pangua.

Baba mdogo Shitakwa alipanga.
Alipanga iwe Alhamisi, siku mama anapouza omena sokoni,
yeye na mpima ardhi kutoka Mumias
na mnunuzi wa buti mpya aliyeliita shamba letu kiwanja.
Baba alikuwa na miezi minne kaburini,
udongo haujatulia.
Habari tulipewa na kinyozi.

Mama hakulia, hakwenda kwa chifu.
Jumatano usiku alinituma: pita kwa Robai,
pita kwa Mama Khadudu, kwa Nerea fundi wa nguo,
waambie nahitaji vikombe.
Vingapi?
Vyote.

Saa tatu asubuhi mpima alishuka na tepu yake
akakuta wanawake arobaini na mmoja
wameketi toka ua wa minyaa hadi kisimani,
mkeka umegusa mkeka, wanachambua kunde.
Hapakuwa na bango. Hapakuwa na kelele.
Palikuwa na sufuria tatu za chai.
Alipotaka kupitisha tepu upande wa chini
Mama Khadudu alionyesha mguu wake uliofura:
samahani mwanangu, siwezi kuinuka upesi,
keti unywe kwanza.

Akanywa. Mnunuzi akanywa amesimama.
Kikombe cha tatu, mpima akaulizwa yeye ni wa nani,
ikaonekana mama yake na Robai
walibatizwa siku moja, mto mmoja.
Akaitazama tepu aliyokuwa ameikunjua,
akaikunja.

Shitakwa alifika jioni.
Naye aliwekewa kikombe. Kilikuwa kimepoa.

Sisemi tulishinda. Kesi ina mwaka wa kumi na tisa,
mama ameizeekea.
Na irabu ile haifanyi kazi kila mahali:
kuna zika, hakuna zikua.
Nililijaribu usiku ule kitandani, kwa sauti ya chini,
mara mbili tatu.
Fukua lipo, lakini hiyo ni kazi ya fisi.

Vikombe vilirudi kwao, isipokuwa cha Nerea,
chenye ua la buluu na mdomo uliopasuka.
Kiko hapa mezani, kimebeba kalamu.

Karatasi ya mwisho ni ya Velma Atswenje.
Aliacha pengo, nadhani alikaa sana,
halafu kwa penseli, herufi ndogo: chai.
Bibi yake ni Robai.
Mwongozo wa kusahihisha hauna neno hilo,
nimeupekua mbele na nyuma.

Nimempa moja.
Ya pili, nimemwandikia, utaipata
ukilitungia sentensi.